Kadeti anapanda meli: maswali ya familia za Lubumbashi na majibu

Bazazi, wakubwa, ndugu, jambo. Mwezi huu maswali yamefika mengi juu kuko vijana wetu wanaosoma mambo ya bahari, wengine Dar es Salaam pale DMI, wengine Abidjan pale ARSTM, wengine mbali kabisa Alexandria, na sasa wakati wao wa kupanda meli umefika. Shule inaita staji ya baharini, mtoto anaingia kwenye meli ya mizigo kama kadeti, anakaa miezi, anajifunza kazi kwa mikono yake. Sisi watu wa Lubumbashi bahari tunaijua kupitia malori ya Kasumbalesa, shaba inatoka, makontena yanaingia, lakini wengi hatujawahi kuyaona yale maji yenyewe na mama hawezi kupata usingizi kama hajui mtoto wake analala wapi. Hiyo staji niliipitia mwenyewe nikiwa kijana, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyajua. Maswali mengine nimeyafupisha.

Mama wa Katuba: *"Mwana wangu atapanda meli mwezi unaokuja. Tangu ile bato ilizama kule Goma mi silali tena muzuri. Hizi meli za bahari haziko sawa na zile? Nimukataze?"*

Mama, pole sana. Hofu yako ina sababu, hakuna mtu wa nchi hii aliyesahau tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi imetoka Minova imeshafika karibu kabisa na bandari ya Kituku halafu ikapinduka. Ile boti ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, hilo njo liliua. Sasa sikia tofauti. Meli ya mizigo inayosafiri kimataifa ina alama imechorwa ubavuni, mstari wake ukizama maana yake mzigo umezidi na meli haina ruhusa ya kutoka bandarini. Uingereza waliweka sheria ya ile alama mwaka 1876, kuna mbunge aliitwa Samuel Plimsoll alipigania sana mabaharia waliokuwa wanatumwa kufa kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi, na leo ni sheria ya dunia nzima. Halafu ndani hakuna abiria mia tatu, kuna wafanyakazi ishirini na kitu hivi, kila mmoja ana jaketi lake la kuokolea na nafasi yake kwenye boti ya kuokolea, na hizo boti ama ziko pande zote mbili na kila upande unatosha watu wote, ama iko moja nyuma ya meli inayoachiliwa inaruka majini na watu wote ndani yake wamefunga mikanda. Kila mwezi lazima wafanye zoezi la moto na zoezi la kuacha meli, hata mvua inyeshe. Na kabla ya kupanda mtoto wako atakuwa ameshasoma kuishi majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, bila hizo sertifika hapandi.

Lakini sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Ile inayoniogopesha mimi kwa kadeti ni nyingine kabisa, wala haihusu kuzama. Ni kuingia kwenye tangi au chumba kilichofungwa muda mrefu. Chuma kikipata kutu kinakula oksijeni iliyo ndani, mizigo mingine kama mbao na makaa ya mawe nayo inakula, hewa inaonekana ya kawaida haina harufu yoyote, mtu anaingia anaanguka, mwenzake anamuona anakimbilia kumtoa na yeye anaanguka, njo vile mabaharia wawili watatu wanakufa siku moja kwenye meli ambayo haina hata tundu. Kwa hiyo mama, usimkataze. Mukalishe umuambie hivi: usiingie kamwe kwenye tangi kama hewa haijapimwa na karatasi ya ruhusa haijasainiwa, hata kama mkubwa anakupigia kelele, hata kama rafiki yako ameanguka ndani, kimbia kapige alarm. Shuleni wamemwambia, lakini neno la mama lina uzito wake kijana anapokuwa peke yake mbele ya mlango wa tangi.

Papa wa Kampemba: *"Kuko muntu wa ajansi anaomba dola 2 000 ili amutafutie mutoto wetu meli ya staji. Anasema tukichelewa nafasi inaenda kwa mwengine. Tulipe?"*

Hapana papa. Musilipe.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, wenyewe wanauita MLC, unafanya kazi tangu 2013, na unasema wazi kwamba baharia hatozwi pesa ili apate kazi kwenye meli. Anachoweza kulipa mwenyewe ni paspoti, kitabu cha baharia na sertifika ya daktari ya nchi yake. Viza inalipwa na mwenye meli. Basi mtu anayekuja na bei ya "nafasi" ameshakuonyesha yeye ni nani. Kama ni shule inayodai malipo ya staji, hiyo iwe kwenye karatasi ya shule, ilipwe kwenye akaunti ya shule, utoke na risiti ya shule, isipitie kwenye namba ya simu ya mtu.

Kama bado munataka kumpa yule bwana nafasi ya kujieleza, muombe jina la meli na namba yake ya IMO. Kila meli kubwa ina namba ya tarakimu 7, haibadiliki hata kama meli imebadilisha jina, bendera au mwenye mali. Ingieni Equasis, tovuti ya habari za meli, ni bure, unajiandikisha tu na imeli, unaandika ile namba unaona meli ina umri gani, mwenyewe nani, na imekaguliwa mara ngapi na imekutwa na makosa gani. Akisema hawezi kutoa namba "mpaka mulipe kwanza", mazungumzo yameisha. Halafu pigieni ofisi ya staji ya shule, kwa namba iliyo kwenye barua ya mutoto ya kukubaliwa shuleni, musitumie namba ambayo yule bwana amewapa. Mara nyingi hiyo simu moja inatosha.

Kontra yenyewe muisome na mutoto kabla ya kusaini, hata kama ni ya Kiingereza tafuteni mtu awafasirie. Inatakiwa ionyeshe jina la kompani, meli, muda, posho ya kadeti kwa mwezi, na nani analipa tiketi ya kurudi nyumbani. Hiyo ya tiketi ni kazi ya mwenye meli. Na tangu Januari 2017 meli zinazofuata huo mkataba lazima ziwe na dhamana ya pesa, ili kompani ikianguka na kuwatelekeza mabaharia bandarini, iko bima ya kuwalisha na kuwarudisha, na karatasi ya hiyo dhamana inabandikwa ndani ya meli mahali wote wanaiona. Kadeti akifika aitafute aipige picha.

Ninaumia sana na hii habari juu familia zinauza kiwanja, zinakopa, ili kumpa mtu ambaye hata bandari hajawahi kukanyaga.

Dada wa komini ya Kenya: *"Kaka yangu ametuonyesha application ya kufuata meli. Tulikuwa tunaiona vizuri mupaka Durban, kisha ikapotea siku mingi, mama akaanza kulia. Inamaanisha nini?"*

Inamaanisha meli imeingia bahari kuu, basi. Kile munachokiona kwenye simu kinatoka kwenye kifaa cha redio cha meli kinachoitwa AIS, kinatuma jina, mahali na spidi, na antena za pwani zinakidaka mpaka umbali wa kama maili 40 za bahari, yaani kilomita sabini na kitu. Ikipita hapo ni satelaiti peke yake inaiona na zile programu nyingi zinataka ulipie kuona ya satelaiti. Toka Durban mpaka Singapore meli ya mizigo inaweza kufanya karibu wiki mbili bila kuona nchi kavu, kwa hiyo wiki mbili hizo kwenye simu ya bure meli "haiko". Tena kwenye maeneo yenye hatari ya maharamia au vita kapteni anaweza kuamua kuzima hicho kifaa ili adui asiwaone, na hiyo ni kwa kuwalinda.

Nipendekeze kitu kimoja kwa mama: afute hiyo application. Nasema hivyo kwa upendo. Kama kuna jambo baya kweli, kompani ina fomu yenye jina na namba ya ndugu wa karibu, na ofisi yao inapiga. Kwa hiyo kabla hajaondoka hakikisheni ile fomu ina namba mbili, za watu wawili, za rezo mbili tofauti, na kwamba mmoja wao anaweza kuongea Kiingereza au Kifaransa na mtu wa ofisi. Na ninawaomba, musiweke Facebook kwamba "mutoto wetu leo yuko pahali hapa kwenye meli hii". Kuna watu wanatafuta hizo habari, wengine ni wa kuteka meli, wengine ni wa kukupigia usiku wakisema mutoto amekamatwa bandarini tuma dola 500.

Mama wa Ruashi: *"Ataweza kutupigia kila siku? Kwenye shule alikuwa anapiga kila magaribi."*

Kila siku hapana mama, musimdai hivyo. Meli nyingi siku hizi zina intaneti ya satelaiti, na tangu tarehe 23 Desemba 2024 ule mkataba wa MLC umeongezewa kwamba mwenye meli awape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama wanalipia basi bei iwe ya kueleweka. Lakini "kadiri inavyowezekana" ni neno pana. Meli moja ina intaneti ya nguvu, nyingine wanagawa mega kidogo kwa wiki, nyingine inakata kabisa kunapokuwa na mawimbi au kazi.

Halafu angalia siku yake. Kadeti wa sitaha anashika zamu chumba cha usukani, masaa manne asubuhi na masaa manne usiku, katikati anapaka rangi, anapima maji ya matangi, anajaza kile kitabu chake cha staji ambacho bila sahihi za maofisa hakimpi kitu. Wa mashine yuko chini kwenye joto na kelele. Sheria inampa mapumziko yasiyopungua masaa 10 katika kila masaa 24, na 77 katika siku saba, na ndani ya hayo masaa anaoga, anafua, anakula, analala. Ukimwamsha saa nane ya usiku kumuuliza kama amekula, umekata usingizi ambao anauhitaji asije akaumia kesho. Na saa zao zinabadilika. Akiwa Singapore yuko masaa sita mbele yetu, akiwa Santos kule Brazili yuko masaa matano nyuma.

Kinachofanya kazi ni hiki. Kabla hajaondoka mukae mukubaliane: yeye njo atapiga, si nyinyi. Nyinyi mutume sauti fupi fupi za WhatsApp, atazisikiliza akipata rezo, na niwaambie sauti ya watoto wakipigana na sufuria ya bukari ikigongwa kule nyuma inamfanyia mtu wa baharini kitu ambacho hakielezeki. Mukubaliane pia kimya cha muda gani ni cha kawaida. Semeni kwa mfano: meli ikiwa bahari kuu, wiki mbili bila neno ni sawa, hatuulizi. Ikipita hapo, mtu mmoja tu wa familia anaandika kwa kompani, kwa heshima. Mtu mmoja. Nimeshaona kompani ikipigiwa na mama, wajomba na mchungaji siku moja, kila mmoja na habari yake, na kapteni akamwita kijana mbele ya wote kumwuliza kuna nini kwao.

Kingine, musimpelekee kila tatizo la nyumba. Paa linavuja, mwenye nyumba ameongeza bei, mdogo wake amefeli. Atakaa na hayo mambo kwenye kitanda chake wiki nzima bila uwezo wa kufanya lolote. Mutofautishe habari za kushirikiana na mizigo ya kumtwika.

Mjomba wa Kamalondo: *"Koko yetu ana ugonjwa wa nguvu na mutoto anapanda meli wiki ijayo. Kama koko akituacha wakati mutoto yuko kwenye maji, tumwambie ao tumufiche mupaka arudi? Familia imegawanyika."*

Mjomba, hili ndilo swali gumu kuliko yote na ninashukuru mumeliuliza kabla.

Nianze na kumficha. Ninajua wanaosema afichwe wanampenda, wanaogopa atavunjika peke yake. Lakini haifichiki tena. Kilio kikianza tu kuna binamu ataweka picha ya koko na mishumaa kwenye status, na kijana atakuja kuiona siku meli imekaribia pwani na simu imeshika rezo, saa kumi ya alfajiri, katikati ya zamu, hakuna hata mtu wa kumshika bega. Na akirudi atajua kwamba miezi yote mulimtumia sauti za kucheka huku mukijua. Hiyo inaharibu kitu kati yake na nyinyi, safari inayofuata kila mukisema "wote wazima" hataamini.

Kwa hiyo muulizeni mwenyewe, wiki hii, kabla hajaondoka. Mukalishe pembeni umwambie: mutoto, koko anaumwa, Mungu akimchukua wewe ukiwa kule unataka tukuambie vipi, na unataka kuisikia kwa sauti ya nani. Hili neno linaogopwa kwetu, mtu anaona kama kumuitia koko kifo. Si kumuitia. Ni kumpa kijana heshima ya mtu mzima. Na apate muda wa kukaa na koko, amuage, koko amubariki, wapige picha, arekodi sauti yake. Asiondoke mbio mbio eti atamuona akirudi.

Ikitokea kweli, yule mmoja mliyemchagua aandike kwanza kwa ofisi ya kompani, aombe kapteni amwambie yeye mwenyewe, akiwa ametoka zamu, amekaa, na mtu karibu yake. Makapteni wengi wameshafanya hiyo kazi na wanaifanya kwa utu. Anaweza kumpumzisha zamu, na mara nyingi anampa simu ya satelaiti aongee na nyumbani. Ndugu wengine wote musubiri mpaka muthibitishiwe ameshaambiwa, njo muweke picha na matangazo.

Kurudi kwa mazishi, niseme ukweli, mara nyingi haiwezekani. Meli ikiwa katikati ya bahari hairudi nyuma, na hata ikifika bandari ya karibu kuna viza, ndege, kutafutiwa mtu wa kushika nafasi, na sisi hapa hatuwezi kuweka maiti wiki tatu. Musimfanye ajione mwenye hatia. Mutumieni video ya maombi, muache mtu asome ujumbe wake mbele ya watu pale kilioni, na kama mutaweza muipange siku ya kumaliza kilio awe amesharudi, aende ku makaburi na wajomba wake wamuonyeshe. Kwenye bandari nyingi kuna vituo vya Stella Maris vya Wakatoliki na vya Mission to Seafarers vya Waanglikana, Mombasa wako, Durban wako, wanapokea baharia wa dini yoyote, wanapanda mpaka ndani ya meli, wanaleta laini ya simu, wanakaa na mtu anayelia. Na kuna SeafarerHelp, laini ya bure ya shirika la ISWAN inayojibu masaa 24 kwa lugha nyingi. Aiweke hiyo namba kwenye simu kabla ya kuondoka.

Mama wa Lubumbashi mjini: *"Binti yangu ni kadeti wa mashine. Kanisani wanasema nimemtuma kwenye kazi ya wanaume."*

Mama, ni kweli wako wachache. Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO na ICS, mashirika ya wenye meli, ilihesabu wanawake 24,059 kati ya mabaharia karibu milioni 1.89, yaani 1.28 kwa mia. Kwa hiyo binti yako ana uwezekano mkubwa wa kuwa mwanamke peke yake kwenye meli, na hilo mulipange badala ya kuliogopa tu. Aulize kompani kabla: ana kabini yake mwenyewe yenye kufungwa kwa ndani? Kuna mwanamke mwingine kwenye hiyo meli? Aulize pia DPA ni nani. Sheria ya usalama wa meli inataka kila kompani iwe na mtu nchi kavu ambaye baharia yeyote anaweza kumfikia moja kwa moja bila kupitia kwa kapteni, jina na namba vinabandikwa ndani ya meli, na mama ninakuomba na wewe uwe na hiyo namba kwenye karatasi yako.

Tangu tarehe 1 Januari 2026 mafunzo ya msingi ya mabaharia wote lazima yawe na somo la kuzuia ukatili na unyanyasaji, wa kijinsia nao umo. Vizuri. Lakini somo halimlindi mtu peke yake. Siku akikuandikia kwamba kuna mkubwa anamsumbua, neno lako la kwanza lisiwe "vumilia mwanangu, tulilipa pesa nyingi". Mwambie unamwamini, mwambie aandike tarehe na saa na maneno, atunze mesaji, halafu apige kwa DPA na kwa shule. Kitabu cha staji kinaweza kukamilishwa kwenye meli nyingine.

Kijana mwenyewe, wa Kampemba: *"Nina malinette. Nitakatazwa?"*

Kwa miwani hapana. Upande wa sitaha kipimo cha kuona mbali ni 0.5 kwa kila jicho, na miwani inakubaliwa, ila beba ya pili ya akiba. Kinachokataza watu wengi ni kutotofautisha rangi, juu usiku taa nyekundu na ya kijani ndizo zinakuonyesha meli nyingine inaelekea wapi. Kapime rangi sasa, kabla familia haijalipa minervali ya mwaka mwingine.

Mama wa Katuba ile ya juu, ameongeza: *"Nimutilie nini mu valizi?"*

Mama, kidogo. Ovaroli, viatu vya chuma, kofia ngumu, shuka, sahani, kwa kawaida vyote ni vya meli. Weka nguo za baridi hata kama anatokea Dar es Salaam, juu meli inaweza kupelekwa Ulaya mwezi wa kwanza. Weka picha za paspoti, kopi za karatasi zote, na kopi nyingine zibaki kwako. Dawa yoyote iwe kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Sasa lile la mizizi, majani na poda ya nyumbani kwenye kichupa kisicho na jina, ninajua ni kwa nia njema, lakini usiweke. Forodha za nchi nyingine zinakamata, na meli zina vipimo vya madawa ya kulevya, mtoto atashindwa kueleza ni kitu gani. Samaki wa kukauka hivyo hivyo, Australia hawachezi na chakula kinachoingia bila kutangazwa. Kama anasumbuliwa na kutapika kwa mawimbi, dawa za kichefuchefu zinamezwa kabla ya bahari kuchafuka, na tangawizi inasaidia wengine. Kwa watu wengi inaisha baada ya siku mbili tatu, akubali tu kula mkate mkavu na kunywa maji na kukaa pahali anaona mstari wa mbingu na bahari.

Papa wa komini Annexe: *"Akiugua mbali kule? Kuko munganga?"*

Kwenye meli ya mizigo kwa kawaida hakuna daktari, sheria inataka daktari kwenye meli yenye watu 100 na zaidi inayofanya safari ya zaidi ya siku tatu. Kuna ofisa aliyefundishwa huduma za matibabu, kuna chumba cha dawa, na wanaongea na daktari wa nchi kavu kwa redio au satelaiti. Roma kuna kituo cha CIRM kinafanya hiyo kazi bure tangu mwaka 1935.

Ila papa, hapa njo pana jambo letu sisi. Malaria. Mtoto anatoka Lubumbashi na damu yake, wiki ya pili baharini homa inapanda, na maofisa ni Wafilipino au Waukraine, kwao homa ni flu, wanampa parasetamol alale. Siku mbili zinapotea. Akapime kabla ya kuondoka, na siku akipata homa aseme yeye mwenyewe, kwa sauti, tena kwa Kiingereza: ninatoka sehemu ya malaria, mwambieni daktari wa redio. Mufundisheni hiyo sentensi mpaka aijue kama jina lake. Na karata ya njano ya homa ya manjano asiisahau, bila hiyo uwanja wa ndege tu atarudishwa.

Yaya yake kadeti, wa komini ya Kenya: *"Akianza kulipwa atatuma ngapi kwa mwezi? Tuna deni ya shule yake."*

Posho ya kadeti ni ndogo na kila kompani ina yake, meli nyingine hawatoi karibu kitu. Musiihesabu kwenye deni. Mushahara unakuja akishakuwa ofisa na sertifika mkononi, wakati huo anaweza kuomba kompani itume sehemu yake moja kwa moja nyumbani kila mwezi. Kwa sasa mwacheni anunue sabuni na mega. Na akitaka kutuma, apokee mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe.

Papa wa Ruashi: *"Kontra inasema miezi 6. Tumeshapanga harusi ya dada yake mwezi wa saba ili awepo. Jirani anasema staji ni miezi 12. Nani anasema kweli?"*

Wote wawili. Kwa ofisa wa sitaha anayesoma kwenye programu iliyokubaliwa ni miezi 12 ya bahari, na angalau sita ya hiyo ni zamu za chumba cha usukani. Bila hiyo programu na kile kitabu ingekuwa miezi 36. Kwa mashine wanachanganya karakana na bahari, na sehemu ya bahari haipungui miezi sita. Wengi wanaigawa kwa meli mbili, kwa hiyo hii ya sita ni nusu tu, atarudi, atapumzika, atapanda tena.

Na hiyo sita papa mara nyingi kontra inaongeza "kutoa au kuongeza mwezi mmoja", usome vizuri. Anashuka pale meli inapofika bandari nzuri ya kubadilisha watu na mwenzake amefika. Meli zikilazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari Nyekundu, kama zilivyofanya nyingi tangu mashambulizi ya mwisho wa 2023, safari ya kwenda Ulaya inaongezeka kama siku kumi na zaidi, na tarehe ya kushuka inasogea. Musogeze harusi mpaka mwezi wa tisa kama familia ya bwana inakubali. Kama haikubali, fanyeni mwezi wa saba bila kumngoja, mumwambie mapema kabla hajaondoka, na mumpe kazi moja ambayo anaweza kuifanya akiwa mbali, kwa mfano arekodi maneno yake kwa dada yake sasa hivi, akiwa bado hapa nyumbani na rezo nzuri.